Safari ya Kuutetea Uwanja wa Baba

Baba mdogo Severini alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita hapa Iringa. Alisema mwaka wa kifo cha Baba umetimia, msalaba wa saruji uko tayari, misa itakuwa Jumapili kijijini, na mimi kama mtoto wa kwanza sharti niwepo. Nilimjibu kwamba nitakuja. Kisha akaongeza kwamba nisisahau kitambulisho changu, maana kuna karatasi ndogo ya ukoo ya kutia sahihi. Nilipouliza ni karatasi ya nini, akasema ni mambo ya kaburi, tutaongea nikifika.

Nimefundisha miaka kumi na minne. Mtoto aliyevunja kioo namtambua kwa sauti kabla sijamuuliza kitu. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikafungasha nguo.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi la Songea. Kulikuwa na baridi kali Makambako, na Njombe ilikuwa imefunikwa na ukungu kiasi kwamba dereva alienda akipiga honi. Nilikaa dirishani nikimfikiria Baba, na hapa niwaeleze ninyi ambao hamkumjua.

Jina lake Osmundi, lakini Mbinga nzima walimwita Mzee Bati, kwa sababu duka lake liliuza bati, misumari na saruji. Alizaliwa ziwani. Ujanani alipanda milima ya Umatengo kwa miguu, siku mbili, akiwa na gunia la usipa begani, wale dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa. Aliuza Mbinga, akashuka na maharage. Baadaye akapata baiskeli, kisha kibanda, kisha duka. Alifungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila siku ya maisha yake, akiumwa au asiumwe. Lakini Jumamosi, saa nane mchana, alifunga mlango hata kama mteja amesimama na orodha mkononi, akaingia kwenye pikapu yake na kushuka ziwani kutazama mpira.

Yeye mwenyewe mpira hakuujua. Mara moja tu alichezeshwa, timu ya kijiji ilipopungukiwa mtu dhidi ya Ngumbo, kijiji kingine cha ziwani, akajifunga goli. Na huyu huyu, jioni ya kila Jumapili, ndiye aliyetupigia pasi sare za shule sisi watoto watatu. Sketi yangu ya netiboli aliinyoosha rinda kwa rinda. Mama akimwambia aache, kazi hiyo si yake, alijibu kwamba wiki nzima anahudumia watoto wa wenzake dukani, basi amwachie siku moja ahudumie wake.

Kile alichokipenda zaidi ya duka kilikuwa uwanja. Alinunua shamba la mawe kando ya ziwa, kijijini kwetu, kabla hujafika Liuli. Kwa viangazi viwili mawe yakaondolewa kwa mikono, nyasi zikapandwa, pakawekwa milingoti ya goli na, pembeni, uwanja wa netiboli wa wanawake. Siku ya kwanza alisimama katikati akawatangazia watu kwamba uwanja huu ni wa kijiji. Alitangaza kwa mdomo. Hakuandika popote.

Ijumaa saa nne asubuhi nilifika Mbinga, baada ya kulala Songea kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Mama alikuwa dukani, kanga begani, akimhesabia mteja misumari ya bati. Nilimwamkia, tukakumbatiana, akanikalisha kwenye mfuko wa saruji kama Baba alivyokuwa akiwakalisha wageni wake. Tukazungumza habari za misa, za mchele, za padri. Ndipo nikamuuliza kuhusu karatasi.

"Mimi nimeshaweka sahihi," alisema. "Shemeji alikuja nayo wiki iliyopita."

"Ilisemaje, Mama?"

"Alisema ni ya msalaba. Miwani yangu ilikuwa chumbani, nami sikutaka kumkawiza."

Nakala ilikuwa kwenye droo, chini ya kitabu cha stakabadhi. Niliisoma nimesimama. Ilisema kwamba sisi, warithi wa marehemu, tumekubali kwa hiari yetu kuuza eneo la kando ya ziwa, na mipaka yake ikatajwa: mkuyu, njia ya kanisani, maji. Mnunuzi alikuwa mtu wa mbali aliyetaka kujenga nyumba ya wageni. Ulikuwa uwanja wote, mpaka sehemu ya netiboli.

Nilimsomea Mama kwa sauti. Halafu nikamgombeza, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Nilimuuliza mbele ya mteja amewezaje kuweka sahihi kitu asichokisoma, yeye mwenye duka. Mama alimalizia kuhesabu misumari, akamfungia mteja, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa miwani.

"Kesho tunashuka wote," alisema.

Jumamosi saa moja asubuhi tuliondoka na pikapu ya Baba, mimi nikiendesha. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo, na nyumba nyingi zilikuwa zimeanika kahawa uani. Siku nyingine ningesimama kutazama. Siku ile niliendesha nikiwa nimekaza meno. Tulisimama Tingi tu kununua ndizi za wageni. Kutoka hapo barabara inateremka kwa kona nyingi, joto linapanda, na ghafla ziwa linafunguka mbele yako, pana, huoni mwisho. Nilimwomba Mama radhi kwa maneno ya jana. Akasema niangalie barabara.

Mbamba Bay, saa tatu na nusu, tulimkuta Stella sokoni. Stella ni nahodha wa timu ya netiboli ya kijiji na muuza usipa. Tulicheza pamoja tukiwa wasichana. Alipakia ndoo zake nyuma, akabanana nasi mbele, na kabla hatujatoka mjini alishatueleza. Siku ya Jumatano milingoti ya goli iling'olewa. Wachimbaji walikuja Alhamisi. Wanawake walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akawaambia kwamba hayo ni mambo ya ukoo, hayamhusu.

"Tulidhani mmekubali," Stella aliniambia. "Tulisema, watoto wa Mzee wamesoma, wamesahau."

Barabara ya kufuata ufuko kuelekea kaskazini ina vumbi, ziwa likiwa kushoto, na neno hilo lilinifuata mpaka kijijini.

Saa tano kasoro tulifika uwanjani. Mtaro wa msingi ulikuwa umekata nyasi kutoka goli la upande wa ziwa mpaka katikati, wenye kina cha kufika kiunoni, na udongo mwekundu umerundikwa kwenye mstari wa netiboli. Palipokuwa na milingoti palibaki mashimo manne. Nilishuka garini nikatembea mpaka kwenye mtaro. Nimewahi kukasirika maishani, lakini hasira ile ilikuwa na ladha mdomoni, kama kutu. Niliwakasirikia wote: Baba mdogo, mwenyekiti, yule mnunuzi ambaye hata sura yake siijui. Nikamkasirikia na Baba mwenyewe. Mtu aliyeandika kila msumari uliotoka dukani alishindwaje kuandika mstari mmoja kuhusu kitu alichokipenda kuliko duka?

Saa nane mchana ukoo ulikutana nyumbani kwa Baba mdogo. Milingoti ilikuwa imelazwa uani kwake, ukutani, ikiwa bado na rangi nyeupe. Nilimwamkia shikamoo, maana hasira haivunji adabu, naye akaitikia marahaba bila kunitazama. Akaanza na habari za padri na chakula. Alipofika kwenye karatasi, alisema ni taratibu tu. Nikamwomba aisome yote kwa sauti. Akasema herufi ni ndogo. Basi Mama akavaa miwani, akaichukua mkononi mwake, akaisoma mwenyewe, polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Wazee wa ukoo waliinamisha vichwa. Wengine walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza.

"Uliniambia ni ya msalaba, shemeji," Mama alisema. "Sahihi yangu naiondoa mbele ya watu hawa."

Baba mdogo alisimama. Nilitarajia atakana. Hakukana.

"Mnasema uwanja wa Osmundi," alisema. "Nani aliyetoa mawe yale? Yeye alikuwa Mbinga anauza bati. Alikuja Jumamosi, akatazama, akarudi. Mimi ndiye niliyebeba mawe viangazi viwili, mgongo huu haukupona. Siku ya kufungua alisimama katikati akautoa kwa kijiji, na jina langu hakulitaja. Alipokufa nilimlilia kaka yangu kwa moyo wote. Lakini nami nilibaki na nini?"

Nilijua anasema kweli, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilimwona akibeba. Kweli hiyo haikunipoza. Ilinizidishia hasira, kwa kuwa mtu mwenye madai ya haki alikuwa ameamua kuyadai kwa kumdanganya mjane.

"Baba mdogo," nilisema, "ungeniambia hayo kwenye simu Jumanne, ningekuja kukusimamia. Wewe uliniambia kaburi. Mimi sitii sahihi. Na wadogo zangu wa Mbeya na Mtwara nimeshaongea nao, hawatii."

Hapo ndipo Stella alipoingia uani na wenzake wa timu, wanawake tisa, wengine na watoto mgongoni. Walisalimia wazee kwa magoti. Kisha wakainamia milingoti, wakaiinua wawili wawili, wakatoka nayo kama watu wanaobeba kuni. Hakuna aliyewazuia. Alasiri ile walishinda wakifukia mtaro kwa majembe, nami nikavua viatu nikaungana nao mpaka malengelenge yakanitoka.

Jumapili, misani, kanisa letu lilijaa. Watu wa Liuli walikuja, na timu nzima ya Ngumbo ikiwa na jezi. Padri alimtaja Baba kama mtu wa kazi, mtu wa familia, mtu wa michezo, na alisema kweli. Ulipofika wakati wa kupeana amani, Baba mdogo aligeuka kutoka kiti cha mbele akanyoosha mkono kwangu. Mama aliupokea mkono wake. Mimi sikuupokea. Niliukunja wangu juu ya kitabu cha nyimbo, na watu waliona. Sijivunii jambo hilo, wala silijutii. Tulitoka tukausimika msalaba, tukala wali na samaki wa mbasa, tukatawanyika.

Jumatatu saa mbili asubuhi mimi na Mama tulikuwa ofisi ya kijiji kabla mwenyekiti hajafika. Alipofika nilimweleza kwamba mambo ya ukoo yameletwa kwake rasmi. Tukaandika hati ya kuukabidhi uwanja kwa kijiji, kwa michezo tu, usiuzwe wala kukatwa. Mtendaji wa kijiji alikuwa akiandika, nami nikimtajia. Alipofika kwenye maelezo ya uwanja aliuliza ulitengenezwa na nani. Niliyatazama malengelenge ya mikononi mwangu mpaka akanyanyua kichwa.

Nikamwambia aandike kwamba shamba lilinunuliwa na Osmundi, na mawe yalitolewa na mdogo wake Severini kwa mikono yake. Nilisema hivyo nikiwa bado na hasira naye.

Baba mdogo aliitwa, kwa kuwa ndiye msimamizi wa mirathi aliyechaguliwa na ukoo na bila sahihi yake hati isingekamilika. Alikuja akiwa na kofia mkononi. Aliisoma mara mbili, safari hii herufi hazikuwa ndogo. Kidole chake kilisimama kwenye ule mstari. Akatia sahihi, akaweka kalamu mezani taratibu, akaondoka bila kuaga mtu.

Jumanne tulipanda milima kurudi Mbinga, na Mama akafungua duka siku hiyo hiyo ingawa mchana ulikuwa umeshaisha. Alhamisi nilikuwa Iringa, mbele ya darasa, na vidole vyenye plasta.

Nilichojifunza ni hiki: zawadi iliyotolewa kwa mdomo hufa na mdomo ulioitoa. Baba alikuwa mwema na alifanya kazi mpaka siku yake ya mwisho, lakini wema wake ulimruka mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote, na alituachia sisi gharama ya kimya chake. Nampenda, na nimemkasirikia. Baba mdogo sijampigia simu. Jina lake liko kwenye hati pale kijijini, limepigwa muhuri, na hasira yangu iko hapa kifuani. Sijaona bado kwamba kimoja kinakifuta kingine.