Mgongo wa Bomba

Mafundi wenzake walimwita Mama Kutu, na hakuna aliyemuuliza kama analipenda jina hilo. Jioni alirudi nyumbani na vumbi jekundu kwenye nyusi, puani na hata ndani ya soksi, naye mumewe alikuwa na mzaha mmoja tu miaka yote: "Karibu, chuma." Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabomba ya zamani ya kushusha maji ya mvua kutoka paani, yale mazito ya chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, yanayoshikwa ukutani kwa masikio mawili. Watu husema chuma ni chuma. Hawajui. Hiki ukikigonga vibaya kinapasuka kama chungu, na usipokipaka rangi kinajila chenyewe polepole huku kikikuchekea usoni.

Alifundishwa na mjomba wake, kaka wa mama yake. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila sheria alikuwa nayo: bomba hupakwa rangi mgongoni kwanza, likiwa bado chini. "Mbele kila mtu atapaona," alisema. "Mgongo ni siri yako na mvua." Bomba likishafungwa, alipitisha kiganja nyuma yake, kutoka juu hadi chini, akakitazama, akaenda zake. Mafundi walimcheka kwamba anayakanda mabomba kama vichanga.

Mwaka huu Mama Kutu alipata kazi kwenye posta ya zamani, jengo la ghorofa mbili lililokuwa likigeuzwa maktaba. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa, plasta imevimba na kumenyeka, na huwezi kuegemeza rafu za vitabu kwenye ukuta wa namna hiyo. Ukiyatazama kwa mbele, mabomba yalikuwa meusi na mazima kabisa. Alitoa kioo chake kidogo cha kujipodolea, akakipenyeza nyuma ya bomba la kwanza na kumulika kwa tochi. Mgongo wote ulikuwa umeoza. Ufa ulishuka kutoka kiungo hadi kiungo, na kila mvua iliyonyesha ilikuwa ikimiminikia ukutani.

"Nyani haoni kundule," alisema mhandisi aliyesimamia kazi, naye akichungulia kioo. "Karatasi zinasema yalifungwa na yule mzee, miaka ishirini na miwili iliyopita. Si ndiye mjomba wako?"

"Ndiye."

"Nilitaka aje na zile kalibu zake za mbao za kutolea umbo, tusubu mabomba mapya yafanane na ya zamani. Lakini kama kazi yake ndiyo hii, hapana. Tutatafuta mwingine."

Mama Kutu alikirudisha kioo mfukoni. Kalibu hizo zilikaa uvunguni mwa kitanda cha mjomba, zimeviringishwa blanketi. Kwa miaka minane hakuna aliyemwita mzee kazini. Tangu asikie habari za maktaba alikuwa amezitoa na kuzifuta moja moja, na viatu vyake vya kazi vilikuwa mlangoni wiki nzima.

Na mabomba yale hayakuwa ya mjomba. Wiki ile, miaka ishirini na miwili nyuma, mama yake Mama Kutu alikuwa amelazwa hospitalini. Mjomba alishughulikia upande wa barabarani, akamwachia yeye mabomba tisa ya nyuma. Mama Kutu alitaka kuwahi saa ya kutazama wagonjwa, kwa hiyo aliyafunga kwanza, akapaka mbele, akakimbia. Alhamisi mama akafariki. Ukaja msiba, kisha kazi nyingine, kisha miaka. Alijiambia kwamba rangi ni rangi. Aibu yake aliijua tangu siku ile. Hakuwahi kuipa jina tu.

Wakati wa chai alisimama mbele ya waashi na maseremala wote, kikombe mkononi.

"Mhandisi, yale tisa niliyafunga mimi. Mgongoni sikupaka. Ya mjomba yako upande wa barabarani, nenda kayaangalie."

Mhandisi alichukua kioo, akaenda. Alikaa huko muda mrefu. Waashi walitazama vikombe vyao kana kwamba chai imeanza kuongea. Aliporudi alimkabidhi kioo na kusema, "Yake ni meusi mbele na nyuma. Haya tisa utayarudia mwanzo hadi mwisho. Na mzee aje kesho."

Mzee alikuja na kalibu begani, viatu vinang'aa. Mabomba mapya yakasubiwa, yakapakwa, yakapanda. Mama Kutu alikuwa ameweza kumwambia mhandisi mbele ya umati, lakini kumwambia mjomba mwenyewe kulimshinda. Kila siku alisema kesho.

Siku ya kufunga bomba la tisa, kamba ya kulipandishia ilikwangua rangi kidogo mgongoni, naye Mama Kutu akapitisha brashi tena. Alikuwa bado anaifuta brashi mjomba alipofika, akaingiza mkono nyuma ya bomba kama kawaida yake.

"Mjomba, rangi haijakauka!"

Alishachelewa. Mzee alitoa kiganja cheusi tititi, akakitazama mbele na nyuma.

"Leo umepaka," alisema.

Mama Kutu aliacha kufuta brashi. "Kumbe ulijua?"

"Nilipitisha mkono siku ile ile. Ulitoka mwekundu kwa kutu. Nikasema msiba ukiisha nitarudi nipake mwenyewe. Tuliporudi, jukwaa la kupandia ukutani lilishaondolewa."

"Mbona hukuniambia, mjomba? Miaka yote hii?"

"Ulikuwa umefiwa na mama. Na mimi nilikuwa nimefiwa na dada."

Mama Kutu alilia pale pale chini ya bomba, bila kujificha, machozi yakichora mistari kwenye vumbi jekundu la mashavu. Mzee alingoja. Kisha akanyoosha ule mkono mweusi.

"Haya, lete brashi, mwanangu. Nimekuharibia mgongo."