Mtoto mweupe wa mbega: jinsi fundi wangu wa darkroom pale Bariadi alivyonichagulia lenzi ya msituni

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Juzi nimeona vijana wanabishana kuhusu lenzi ya kwenda nayo msituni, mmoja akasema "ndefu ndiyo baba lao". Nikacheka peke yangu. Nami niliwahi kuamini hivyo.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na sitayapamba. Kuna sehemu inayonidhalilisha, nayo nitaiandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwishoni mwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka ya Mwanza yalishajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Mimi nilikuwa na studio ndogo Bariadi mjini. Picha za pasipoti, harusi, watoto wa kipaimara, wazee wanaotaka kupigwa na ng'ombe wao.

Darkroom yangu, yaani chumba cha giza cha kusafishia picha, ilishikwa na mwanamke mmoja anaitwa Minza. Alikuwa na miaka kama thelathini hivi, mtu wa Ngulyati, ameachika, hana maneno mengi. Kazi alijifunzia misheni. Mimi nilipiga, yeye akasafisha filamu na kuchapa. Wateja walinisifu mimi. Yeye hawakumwona, maana alikuwa nyuma ya pazia jeusi.

Sasa, akapita mama mmoja mtafiti, mzungu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wetu. Alikuwa anaandaa kijitabu cha shule kuhusu wanyama wa misituni. Akaona dirishani picha yangu ya ndege korongo, akaingia.

Alichotaka ni kimoja: mbega na mtoto wake mchanga. Kwa wasiojua, mbega ni yule kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, lakini mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima. Wapo msitu wa Minziro, kule Kagera.

Wakuu, kipindi kile watu walishaanza kupeleka filamu za rangi Mwanza, zinasafishwa kwa mashine siku hiyohiyo. Studio za black and white kama yangu zilikuwa zinakufa moja moja. Kazi ile ilikuwa pumzi.

Nikaenda Mwanza kutafuta lenzi. Mwenye duka tulijuana siku nyingi, akanikabidhi mbili nizijaribu wiki nzima, nichague moja.

Ya kwanza 400mm, ndefu kama mchi, lakini mdomo wake unafunguka hadi f/6.3 tu, unaingiza mwanga kidogo.

Ya pili 200mm, fupi, nene, f/2.8, mdomo mpana unaokunywa mwanga.

Nilishaipenda ndefu kabla sijatoka dukani. Nilishuka nayo stendi Bariadi nimeining'iniza shingoni, watu wananipisha. Acheni jamani, ujana una mambo.

Minza akaziangalia zote mbili, akazigeuza dirishani, akauliza, "Msitu huo una jua?"

"Msitu ni msitu," nikamjibu.

"Basi twende ghalani kwanza."

Alikuwa na maana ya ghala la pamba la chama cha msingi, Ngulyati. Mwaka ule wanunuzi binafsi walishaanza kununua pamba, ghala likabaki nusu tupu, giza, njiwa wamejaa kwenye boriti. Karani alikuwa mjomba wake, akatufungulia mchana.

Nikapiga njiwa walewale kwa lenzi zote mbili, filamu ileile. Ndefu ilinilazimisha shutter ya 1/15 ya sekunde, polepole mno kwa mkono. Fupi ikanipa 1/60.

Kesho yake Minza akatundika picha mbili kwenye kamba, bado zinachuruzika maji. Njiwa wa lenzi ndefu alikuwa mkubwa, amejaa karatasi, lakini kama umemwona kwa macho yenye machozi. Wa lenzi fupi alikuwa mdogo, na ungeweza kuhesabu manyoya ya shingo.

Nikabisha. "Njiwa wa ghalani siyo mbega. Mbega anakaa juu sana."

Akafuta mikono kwenye aproni. "Kaka Masunga, picha ndogo iliyo kali nitaikuza. Picha kubwa yenye ukungu siwezi kuifanya chochote. Wewe ukishabonyeza umemaliza. Mimi ndiye ninayebaki gizani na makosa yako."

Nikarudisha ile ndefu Mwanza roho ikiniuma.

Kisha akasema anakwenda na mimi. Nikashangaa, mji wetu mdogo, watu watasema. Nikamuuliza mke wangu nikitegemea akatae. Mama Kulwa akasema, "Mpeleke. Wewe ukiona mnyama unachanganyikiwa. Yeye hachanganyikiwi."

Tukavuka ziwa hadi Bukoba, tukaenda mpaka mpakani mwa Uganda kabisa. Akatupokea mwenyeji wa kutuongoza, tulimwita Ta Kato, "Ta" ni kama Bwana kwa Kihaya.

Wakuu, sisi tumezoea mbuga. Simiyu ukisimama unaona ng'ombe wa jirani mpaka wanapoishia. Minziro ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Chini ni maji na tope, juu ni majani, saa sita mchana ni kama jua limeshazama. Tripod niliyobeba kwa mbwembwe ilizama miguu yote mitatu siku ya kwanza, nikaiacha kambini.

Hata kwa f/2.8 mwanga haukutosha. Minza alishaniambia tuidanganye kamera kuwa filamu yetu ya kasi ya 400 ni ya 1600, yaani inanasa mwanga haraka zaidi, halafu yeye ataikoleza kwenye dawa muda mrefu zaidi. Bila hivyo tungerudi na karatasi nyeusi.

Siku mbili tuliona mbega, lakini juu kabisa, vivuli tu. Kimoyomoyo nilimlaani Minza. Ningekuwa na ile ndefu! Ndiyo, niliwaza hivyo.

Siku ya tatu nikakanyaga siafu.

Sitaeleza sana. Siafu wakishapanda ndani ya suruali wanajua wanakoelekea. Nikamrushia Minza kamera, mimi na Ta Kato tukakimbilia njiani nyuma, nikavua suruali mbele ya mtu niliyemjua siku tatu. Ta Kato ananichomoa siafu mmoja mmoja huku anajizuia kucheka.

Katikati ya shughuli ile nikasikia: klak.

Kimya kirefu. Klak.

Nikavaa, nikarudi nanyata. Minza alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini, bega limeegemea mti, hatikisiki. Mbele yake, juu kidogo tu ya kichwa cha mtu, mama mbega anakula majani. Kifuani kwake kitoto cheupe, uso wa pinki, kimeshikilia manyoya.

Akaninyooshea kamera taratibu bila kugeuka. "Nimebakiza moja," akanong'ona. "Hiyo yako."

"Kwa nini hukumaliza?"

"Umetoka mbali, kaka."

Nikabonyeza. Nilipata mkia.

Tuliporudi, yeye akaingia darkroom, mimi nikasimama nyuma yake. Karatasi ikaanza kuamka ndani ya dawa. Kwanza macho ya mama, makali kabisa. Halafu kile kitoto, cheupe kama tumba la pamba lililopasuka asubuhi. Nimepiga picha miaka mingi baada ya pale, sijawahi kupiga kama ile.

Sasa ile sehemu ya aibu.

Tukatuma picha kwa posta kwa yule mama mtafiti. Barua ikaja ikimsifu "Bwana Masunga, mpiga picha hodari". Nikaibandika ukutani. Mnunuzi mmoja wa pamba akaisoma, akaniahidi kazi ya kupiga picha kinu chake kipya cha kuchambulia pamba Maswa, kikikamilika. Wateja wakarudi. Minza akapita mbele ya barua ile kila siku, hakusema neno. Wala mimi. Kama miezi miwili.

Siku moja yule mama mtafiti akaja mwenyewe kabla kijitabu hakijachapwa. Akanishika mkono, akaniuliza nilifanyaje kumkaribia mbega vile.

Nikafungua mdomo niseme uongo, ukakataa kutoka. Minza alikuwa mlangoni anafuta mikono.

"Sikumkaribia," nikasema. "Nilikuwa navua suruali. Aliyepiga ni huyu."

Mama yule akageuka. Minza akainamisha macho, halafu akayainua. "Kama mtaandika jina," akasema, "naomba muandike na la baba yangu."

Wakaandika: Minza ng'wana Ngasa, yaani Minza binti Ngasa.

Kijitabu kilipofika tulikipeleka Ngulyati, msimu wa kuvuna. Mzee Ngasa alikuwa shambani, hakujua kusoma. Siku zote alikuwa akisema binti yake anafanya kazi ya kujificha. Akaitazama picha, halafu maandishi chini yake.

"Jina langu ni lipi?"

Minza akachukua kidole cha baba yake, akakiweka juu ya herufi. Mzee hakukiondoa. "Wabeja, ng'wanawane," akasema, yaani asante mwanangu. Akarudia tena.

Nilitembea pembeni nikajifanya naangalia pamba.

Kazi ya kinu Maswa nilimwachia yeye, na hakurudi tena kwangu. Alifungua studio yake hukohuko. Nilipoteza fundi bora niliyewahi kuwa naye, na sijutii.

Nilichojifunza: msituni usiulize lenzi inafika mbali kiasi gani, uliza inahitaji mwanga kiasi gani. Na kabla hujanunua, muulize anayesafisha picha zako. Leo mnasafisha wenyewe kwenye kompyuta, basi jiulizeni bila kujidanganya.

Haya, wenye lenzi zenu ndefu karibuni mnishambulie. Na kama nawe una Minza wako nyuma ya pazia, mtaje hapa chini tumjue.