Aliyemwita Suresh Maporomokoni

Pasta wangu anasema nilipigwa na jua. Na aseme atakavyo. Nilikuwa pale na akili zangu zote, sikuwa nimeonja bia, na haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Mimi ni dereva wa teksi hapa Likasi, naishi mtaa wa Kikula. Suresh alikuwa fundi wa umeme kiwandani, Mhindi wa Jharkhand, jimbo lenye misitu na migodi kama kwetu. Kila nikimbeba, alinionyesha kwao kwenye simu: maporomoko ya Hundru, hekalu juu ya kilima, tembo msituni, watalii wakijipiga picha. "Vieux, siku moja utakuya kuona," aliniambia, akiniita mzee kwa Kifaransa kama vijana wa huku. Kiswahili chake kilikuwa cha Kikula kabisa! Basi nami kwa majivuno, Jumapili moja baada ya ibada, nikampeleka kuona maporomoko yetu ya mto Lufira. Kwani tukubali kushindwa na Wahindi?

Sasa, sisi wa huku tumelelewa na onyo moja: ukiitwa kando ya maji, usiitike. Mamba-muntu, yule mwanamke wa majini, huvaa sura ya mtu umpendaye ili akuzamishe. Hata sisi tunaokesha kanisani tunamwogopa.

Ilikuwa mchana, jua linawaka. Juu ya jiwe, katikati ya povu, alisimama mama mmoja mzee amevaa sari ya njano. Niamini, maji yalikuwa yanampiga na nguo haikulowa. Akaita, "Munna!"

Suresh akashtuka. "Vieux, ni mama! Ni mama yangu tu ananiitaka Munna!"

"Usiitike! Ile haiko mama yako, iko mamba-muntu!"

Akafungua kinywa. Nikamziba kwa kiganja, nikamburuta hadi kwenye gari huku akinipiga mateke. Nilipogeuka, yule mama hakuwa na hasira. Alikuwa amenyoosha mikono, analia.

Tulipokaribia mji, simu yake ikapata mtandao, ikalia. Alikuwa kaka yake: mama yao alikuwa amefariki asubuhi ile. Suresh hakunitukana. "Turudie kule, vieux," alisema tu. Tukarudi, tukakuta jiwe tupu. Alisimama pale akiitika kwa lugha yao, akaitika tena na tena, mpaka nikashindwa kumtazama.

Alisharudi India. Bado ananitumia picha za yale maporomoko ya kwao, ananikaribisha, na mimi naumia kila ninapozifungua. Mara moja tu aliniuliza: "Vieux, unawaza mama alikuwa anataka kuniambia nini?" Mke wangu anasema niliokoa roho ya mtu. Natamani iwe kweli, ila mamba-muntu gani analia?

Wewe unayepeleka wageni mtoni, nisikilize. Mgeni wako akiitwa, usikimbilie kumziba mdomo. Muulize kwanza ni nani anayemwita. Akikuambia ni mama yake, mshike mkono kwa nguvu, lakini mwache aitike.