Mguu wa Paka

Mawifi zangu wanasema nimezidi kinyongo. Sawa, ninacho, tena kimenifika hapa kooni.

Mume wangu walimwita Paka. Miaka kumi na moja alirushwa madirishani, akagongwa na magari, na kila mara alitua kwa miguu. Kazi yake kwenye filamu za mapigano ilikuwa kuumia badala ya steringi, yule mwigizaji mkuu. Steringi anafoka mbele ya kamera, kisha anakwenda kukaa kivulini. Paka anavaa shati lile lile, anaruka yeye. Uso wake haukuonekana hata siku moja. Binti yetu akiwaambia wenzake, "Ule mgongo ni wa baba," wanamcheka.

Ikaja ile ya kuruka kutoka ghorofa ya pili. Mwongozaji alikuwa na haraka, maboksi ya kuangukia yakapangwa nusu nusu. Paka akavunjika nyonga. Alitoka hospitali anachechemea: anaburuta mguu wa kushoto, anasita, halafu bega linashuka kama mtu aliyebeba ndoo.

Mwongozaji akaja nyumbani. Nikadhani kaja kutoa pole. Thubutu! Kaupenda ule mwendo, anataka shujaa wa filamu atembee vivyo hivyo baada ya kuanguka. Basi wiki nzima steringi alikuwa sebuleni kwangu, anakwenda na kurudi kati ya mlango na kabati, Paka nyuma yake: "Bega, kaka, usisahau bega." Na mimi nawachemshia chai. Mjinga mimi!

Filamu ilipotoka, watu waliusifu mguu kuliko filamu yenyewe. Steringi akapewa tuzo, akamshukuru mama yake, mwongozaji, hata kinyozi wake.

Paka hakunung'unika. "Mke wangu, nikipata hata geti moja la kufungua mbele ya kamera, mtoto auone uso wangu, inatosha." Mwaka uliofuata tukasikia wanatafuta mtu wa kuigiza mlinzi wa geti, mtu mzima, anayechechemea kweli. Alipiga pasi shati lake mwenyewe huku anapiga mluzi. Binti akaomba ruhusa shuleni, tukaenda wote watatu.

Aliyesimamia usaili alikuwa dada mmoja wa miwani. Paka akaanza kutembea kuelekea kwenye alama ya utepe wa gundi sakafuni. Hakufika hata nusu, dada akainua kalamu.

"Inatosha, kaka. Wewe ni wa sita leo. Wote mnamuiga yule steringi, mpaka bega! Sisi tunataka mtu mwenye mguu wake."

Nikasimama, mdomo tayari. Paka akanishika mkono.

"Tulia. Nani atakuamini?"

Nje, binti akamsogezea bega aegemee. Akakataa. Alitembea korido nzima ameuma meno, jasho linamtoka, akijilazimisha kuunyoosha mguu, asije akaonekana anamuiga mtu.