Vidole Viwili Ukutani

Mama mkwe wangu hakumpigia magoti Katekista Leobadi hata siku moja. Kwetu Buddu mwanamke humsalimu mwanamume akiwa amepiga magoti, na katekista ndiye wa kwanza kusalimiwa hivyo. Yeye alimsalimu wima, kapu kichwani, akitazama migomba.

Chuki yao ina umri wa kanisa lenyewe. Mapadre walipotaka matofali ya kulijenga, mama, jina lake la ubatizo Perepetwa, alikuwa mke mpya hapa. Alikanyaga udongo na kuteka maji bondeni akiwa mjamzito. Akajifungua mapacha, Wasswa na Kato. Ukoo ukawachezea ngoma ya mapacha, na nyimbo zake za matusi kama ilivyo desturi. Tangu hapo watu wakamwita Nnalongo, jina la mama wa mapacha. Kumwita vingine ni kumvunjia heshima. Leobadi, katekista kijana wakati huo, alikimbilia misheni na habari kwamba tumecheza ngoma ya mashetani. Mama akazuiwa komunyo, ubatizo wa watoto ukacheleweshwa. Surua ikawachukua kabla hawajaota meno, na Leobadi akakataa wazikwe kwenye uwanja wa kanisa.

Mama alirudi kwenye matofali. Kila alilolifyatua alilibonyeza kwa vidole viwili likiwa bado bichi. Mengi yako kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa. Nimemwona akitoka shambani, anagusa moja, anapita.

Mwaka huu wa jubilei ya kanisa, askofu akitarajiwa, kamati ikaamua ukuta ule upigwe lipu. Asubuhi moja, fundi Kalyango akichanganya saruji, mama alitua kigoda mbele ya ukuta, akaketi kumenya matoke. Mimi nilisimama kando yake, mwanangu mgongoni.

"Perepetwa, toka hapo," Leobadi alisema. "Askofu haji kutazama matope."

"Mimi ndiye niliyeyakanyaga matope haya."

"Uliteka maji tu wewe."

"Na wewe ulibeba maneno. Kila mtu na mzigo wake."

Wanawake wa kamati wakaziba midomo kwa kanga.

"Unataka nini, mwanamke?"

"Niite jina langu. Miaka arobaini unalipita kama kinyesi njiani. Niite, nami nabeba kigoda changu."

"Jina lako liko kwenye kitabu cha ubatizo. Hilo la mashetani hutalisikia kinywani mwangu."

"Basi askofu atanikuta hapa. Atakula matoke."

Leobadi akamwamuru fundi aanze. Kalyango, mtu wa ng'ambo ya bonde asiyejua lolote la ugomvi huu, aliinua mwiko, akasema kwa adabu, "Nnalongo, sogea kidogo mama, saruji isikurukie."

"Unambembeleza nini?" Leobadi alimfokea. "Nnalongo, ondoka hapo!"

Fundi aliacha mwiko hewani. Leobadi alishika mdomo wake, kama aliyeng'atwa na siafu.

Mama alikusanya maganda kwenye jani la mgomba, polepole.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, mama."

Akanyanyuka na kigoda chake, kwani alikuwa ameahidi. Akamgeukia katekista. "Umelitema kama mtu aliyetafuna jongoo. Nami nimelipokea hivyo hivyo. Lakini kuhusu wanangu, usidhani yameisha; mimi sijakusamehe."

Nyuma yetu saruji ilipiga ukuta, pa, pa. Hakugeuka. Mkononi mwangu nilihisi vidole vyake viwili, vimenishika kwa nguvu.

Askofu aliusifu ukuta mweupe. Mama hakuhudhuria. Leobadi hajamwita tena jina lolote. Akimwona anakuja njiani, yeye ndiye anayeingia migombani.