Tembe la Bibi na Bwana wa Gazeti

Mwanangu, zamani za Mwingereza niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili ya mtu aliyehitimu masomo ya jioni, kwamba kulala ndani ya tembe kunafupisha mtu. Usicheke. Dongobesh nzima iliamini, hata mbuzi walianza kuwa na wasiwasi.

Chanzo ni gazeti. Kulikuwa na bwana mmoja wa mjini, kazi yake kuzunguka na kuandika nyumba ipi ni nzuri na ipi ni aibu. Mzee Shabani mwenye duka alitusomea barazani. Bwana yule aliandika kwamba matembe yetu, yaliyochimbiwa mteremkoni na kuezekwa udongo, yanamfanya mtu aishi ameinama. Mji wa kisasa ni bati, kuta ndefu na madirisha. Basi, sikio halilali na njaa. Habari ilipofika mnadani, mtu alikuwa anapungua urefu wa kidole kizima kila masika.

Sasa mimi, kama unionavyo, sikuumbwa kwa kuchuma matunda ya juu. Na nilikuwa namposa Paskalina, msichana mrefu kama mnara wa misheni. Nikaapa watoto wetu hawatazaliwa chini ya udongo. Nikajenga nyumba ya bati kando ya tembe la bibi yangu aliyenilea, ndefu hata kunguru walipumzika katikati kabla ya kufika paani. Tembe lenyewe ningelibomoa mara posa ikipita.

"Na mimi nitalala wapi?" bibi akauliza.

"Nyumba ya kisasa, bibi. Utarefuka."

"Kwa umri huu nirefuke niende wapi?"

Siku ya posa wazee walikuja kutoka Bashay, wakiongozwa na Mzee Amsi, baba yake Paskalina. Huku kwetu, posa haifungwi mpaka mzee atamke baraka na wote waliopo waitikie kila neno. Baraka isiyoitikiwa haijapokelewa. Mzee Amsi akasimama, akafungua kinywa, na mvua ya mawe ikashuka juu ya bati langu.

Mwanangu, kelele ile nadhani waliisikia hadi kule bondeni Yaeda Chini! Mzee anapaza sauti, sisi tunaitikia kwa kubahatisha. Baadaye tuliambiwa kwamba alipoomba maji ya kunywa, ndipo tulipoitikia kwa nguvu kuliko pote.

"Simwozi binti yangu ndani ya ngoma!" akanipigia kelele sikioni, akashika fimbo yake. Posa yangu ilikuwa inatoka mlangoni, nami naiona.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa tembe, anatupungia mkono. Tukakimbia, tukaingia tumeinama. Ndani kulikuwa na joto la ndama waliolala humo, na kimya. Udongo wa paa uliyameza mawe kama ugali unavyomeza mchuzi. Mzee Amsi akaketi kigodani, akaanza upya kwa sauti ya chini. Tukaitikia kila neno. Paskalina akawa wangu, na tembe likabaki la bibi.

"Huyo bwana wako wa gazeti," mzee akaniuliza, akipokea kibuyu cha pombe ya asali, "huku alilala nyumba gani?"

Nikakumbuka aliandika mwenyewe: alitupita akiwa juu ya lori.

Sitamtukana. Kuhusu madirisha alisema kweli. Nilitoboa moja kwenye tembe, moshi ukatoka, bibi akaacha kukohoa. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayesifu mji au kuukashifu, msikilize vizuri, umshukuru. Kisha ingia mwenyewe, keti, mvua ikukute humo, ndipo ushike jembe la kubomolea. Mungu akupe paa linalonyamaza, na watu wa kuitikia unapoombewa mema.

Na kile kimo changu? Jioni ile nilimnong'oneza bibi: "Sasa tukibaki humu, si nitaendelea kupungua?"

Akanitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu, wewe ni mfupi kwa sababu baba yako alikuwa mfupi."