Saumu ya Binti wa Uthmani

Ukitaka kumjua Uthmani wa mtaa wa Buyenzi, usiulize duka lake liko wapi. Simama tu barabarani, utamsikia. Anauza vitenge, na vitenge vyake ni vizuri, hilo hatumnyimi, lakini kinachouza hasa ni mdomo. Mteja anaingia kutafuta kipande kimoja, anatoka na vitatu, pamoja na habari za ukoo mzima wa Uthmani, tangu babu aliyetoka Ujiji mpaka paka wa nyumbani.

Na Ramadhani ikiingia, basi tena! Kwa miaka mingi yeye alijifanya askari wa saumu za watu. Akimwona mtu na chupa ya soda mchana, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Ee ndugu, jua limezama kwako peke yako?" Watu walicheka, na mwenye chupa akaificha. Mzee Hamood, muuza vitenge wa duka la jirani, alinaswa hivyo mwaka mmoja akinywa maji. Tangu siku ile salamu zao zilikuwa za mkato.

Sasa sikia yaliyompata. Mwaka juzi miguu ilianza kumwaka moto, kiu haimwishi, usiku haulaliki. Daktari akampima, akamwambia ni sukari, na kwa dawa anazotumia, kufunga asifikirie. Uthmani akakimbilia kwa shehe wake akitumaini huko atasikia lingine. Shehe hakusita hata kidogo: mgonjwa wa namna yake hafungi, analisha maskini, na Mungu hana ugomvi naye. Haya, Mungu hana ugomvi. Na Buyenzi je? Yeye aonekane anatafuna mchana? Heri afe! Ndivyo alivyosema, na mkewe Asiya akamwambia aache upuuzi.

Basi akawa anakula kwa kujificha. Asiya alimfungia wali na maharage ndani ya kitenge kama bidhaa, naye akajipenyeza nyuma ya marobota, akatafuna polepole, akafuta midomo, akarudi mbele na sura ya mtu aliyeshinda njaa. Tena jioni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika tende, akishusha pumzi utadhani amevuka jangwa kwa miguu. Jamani, Uthmani!

Mwaka huu Alya akamletea nafuu. Binti yake huyo wa miaka tisa aliamua mwenyewe kufunga. Hakuna aliyemlazimisha, na kwa umri wake dini haimdai. Lakini baba yake alipata la kusema! "Mutoto yangu anafunga! Mudogo hivi!" Kila mteja aliambiwa. Majirani wakaleta tende, wakaleta hina, mmoja akaahidi viatu vya sikukuu. Na kwa kuwa watu wote walimtazama Alya, hakuna aliyemtazama Uthmani mdomoni. Alilala usingizi mtamu siku zile.

Mpaka mchana ule Alya aliporudi kutoka shule akitetemeka, macho mekundu, ngozi yake ikiwaka kama sufuria iliyotoka jikoni. Asiya alikuwa amekwenda Gatumba kumwona dada yake. Uthmani akafunga duka, akambeba mtoto mgongoni, akaingia naye kituo cha afya huku akimtuliza njia nzima. Alikuwa ametoka kula muda si mrefu. Harufu ya maharage alikuwa bado anaisikia mdomoni mwake.

Muuguzi alikuwa Joëlla, msichana wa Kanyosha asiyependa maneno mengi. Akamtoboa Alya kidole, akasubiri kipimo, akasema ni malaria, tena imepanda. Akaleta vidonge na maji. Kwa kuwa dawa ile hutaka chakula chenye mafuta, akatoa na parachichi lake mwenyewe la mchana, akalikata vipande viwili.

Alya akafumba mdomo.

"Meza, mama," Joëlla akambembeleza.

"Apana. Mi ninafunga."

Ukumbi wote ukageuka. Akina mama wa Buyenzi walikuwa wamejaa na watoto wao, na kwenye benchi la mbele alikaa Mzee Hamood, amekuja kupimwa presha. Mama mmoja akasema mashallah. Uthmani akaliona neno lile likimtekenya kifua, akajikuta amesimama wima.

"Muganga, tungoje magaribi," akasema. "Ni masaa machache tu. Atakunywa na futari."

"Papa, huyu hangoji. Anaweza kushikwa na degedege hapa hapa."

"We ni Mukristo, mambo yetu huyajui! Kila mutu ana uhuru wa dini yake, ni sheria ya inchi. Mutoto amesema anafunga!"

Joëlla hakupandisha sauti. "Ni kweli, siyajui. Dini yako ni yako, papa, mi siigusi. Lakini homa ni ya mutoto."

Yale mambo Uthmani aliyajua vizuri. Shehe alikuwa amemwambia mgonjwa afungue, na alikuwa amefungua, tena kwa sahani iliyojaa. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Alya.

"Mama yangu, meza. Mugonjwa hafungi. Mungu mwenyewe amesema."

Alya akatikisa kichwa, meno yakigongana. Akamvuta baba yake sikio, akamnong'oneza, lakini homa haijui kunong'ona, na benchi zima likasikia: "Papa, umeshaambia watu wote. Nikikula, watakucheka."

Kumbe ndiyo hiyo! Mtoto hakuwa anamfungia Mungu. Alikuwa anamfungia baba yake. Uthmani akahisi machozi yanamjaa, machozi ya kweli, si yale ya kubishania bei na wateja.

"Alya," akasema, na sasa alisema kwa ile sauti yake ya barabarani, "mi sifungi."

"Unanidanganya ili nimeze."

"Sifungi tangu mwaka juzi. Mi ni mugonjwa wa sukari. Nakulaka nyuma ya marobota, maharage ya mama yako. Leo pia nimekula. Unaona?" Akachukua kipande kimoja cha parachichi, akakiuma mbele ya kaumu yote ile, katikati ya Ramadhani, jua likiwa utosini.

Alya alimkodolea macho baba yake akitafuna. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kipande cha pili, akala, akameza vidonge vyake kimoja kimoja. Joëlla akamfuta midomo.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Hamood. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, na Uthmani akainamisha kichwa kungoja kipigo chake, maana alikistahili. "Ee ndugu," mzee akaanza, akishika mbavu, "jua limezama kwako peke yako?" Kisha akasogea kwenye benchi, akapiga-piga nafasi iliyobaki. "Kuja ukae. Siku ile ya maji mi pia nilikuwa nakunywa dawa, tena ya moyo. Ulinikimbiza, wewe mushenzi!"

Uthmani akakaa. Akaomba radhi, akasamehewa, akatukanwa tena kidogo kwa utamu.

Kesho yake Buyenzi nzima ilikuwa na habari, na wengine walikuja dukani kununua nusu yadi ili tu wamtazame. Alya alikuwa amelazwa kwenye mkeka kati ya vitenge, homa imeshuka, anadai chakula. Asiya akaleta sahani moja kubwa, baba na mtoto wakala pamoja.

"Papa," Alya akasema mdomo ukiwa umejaa, "nikiulizwa kwa nini sifungi, niseme nini?"

"Sema we ni mugonjwa."

"Na wewe nikiulizwa?"

Mlangoni walisimama wateja, masikio wazi. Uthmani aliwaona vizuri. Akameza tonge.

"Sema papa yako pia ni mugonjwa," akajibu, na hakupunguza sauti.